Ugomvi wa Kompyuta Iliyokufa

"Hii imekufa," alisema Jumbe, hata kiti hajakivuta.

"Hujaigusa," alisema Nkatha.

"Dada, mimi nikiona tu nafahamu. Daktari mzoefu anaijua maiti tangu mlangoni." Kisha akaona gauni jeusi na kilemba cheusi cha mwanamke aliyesimama nyuma ya Nkatha, akajishika mdomo. "Nisamehe, mama. Mdomo wangu huu utaniponza."

"Haina shida," alisema Murielle. "Weye tazama tu."

Kibanda cha Jumbe kilikuwa kwenye ukumbi wa jengo moja la Joubert Park, Johannesburg, kimebanwa kati ya kinyozi na duka la simu. Jumbe mwenyewe alikuwa mtu wa Tanga, mnene, mwenye sauti ya kusikika mpaka ghorofa ya tatu, na hakuna kifaa chenye waya ambacho alikubali kwamba hakijui. Alitandika mpira mweusi juu ya meza, akaiweka laptopu katikati.

Laptopu ilikuwa imevikwa nguo. Marcellin, mume wa Murielle, alikuwa ameishonea vazi la kitenge cha buluu lililobana kama soksi. Kipande kimoja kilifunika mgongo, kingine kilizunguka kibodi mpaka pale viganja vinapopumzika, na pembeni alikuwa amedarizi jina lake kwa uzi wa dhahabu.

"Kwanza tunaivua nguo," alisema Jumbe.

"Hapana." Murielle alishika mkono wake. "Alishona yeye mwenyewe. Uitengeneze vile vile."

Jumbe alimtazama Nkatha. Nkatha alitikisa kichwa: acha.

Nkatha Kirimi aliwahi kufanya kazi benki, kitengo cha kusaka wizi wa kadi, kabla hajafungua ofisi yake ya upelelezi juu ya duka la mikate kule Kensington. Kesi hii aliichukua kwa sababu ilisimama kwenye mguu mmoja, na mguu huo ulikuwa sasa mezani kwa Jumbe.

Marcellin alikuwa fundi wa kudarizi nguo. Alikutwa Jumapili asubuhi chini ya ngazi za karakana yake, mtaa wa pili kutoka hapa, kichwa kimepasuka. Baada ya mazishi polisi walimkamata mdogo wake, Exaucé, mlinzi wa geti kwenye maghorofa ya Kensington. Walimkamata kwa maneno ya mtu mmoja, Théodore, muuza vitambaa ambaye duka lake liligusana ukuta na karakana. Théodore alisema Jumamosi mchana aliwasikia ndugu hao wakigombana. Laptopu inayoiongoza mashine ya kudarizi ilikuwa imekufa tangu Ijumaa, alisema. Exaucé ndiye aliyeiharibu, na Marcellin alikuwa akipiga kelele kwamba kazi za watu zitamshinda. Polisi waliichukua laptopu, wakabonyeza kitufe, haikuwaka. Wakaandika kwamba ni mbovu, wakairudisha kwa mjane. Shahidi na kifaa walikuwa wamekubaliana.

Leo mchana hakimu angeamua dhamana. Ikikataliwa, Exaucé, Mkongomani mwenye karatasi za ukimbizi, angepandishwa gari la mahabusu kwenda gereza kuu kungoja kesi, na wenzake waliotangulia kungoja huko walikuwa bado wanangoja.

"Niambie tena unataka nini," alisema Jumbe. "Unataka iwake, au unataka nini?"

"Nataka kujua ilikufa lini," alisema Nkatha. "Kama ilikuwa hai Jumamosi, hapakuwa na ugomvi."

"Aa! Basi hii siyo kazi ya fundi, huu ni uchunguzi wa maiti." Akajishika mdomo tena. "Mama, nisamehe."

Safari hii Murielle alitabasamu kidogo.

Jumbe alichomeka chaja ukutani. Taa ndogo ya kijani ikawaka kwenye chaja. Akaingiza ncha yake ubavuni mwa laptopu, akabonyeza kitufe. Kimya. Akashikilia kidole pale muda mrefu, akaachia, akabonyeza tena. Hakuna taa wala mlio wa feni.

Alichukua mita yake, akagusisha nyaya mbili kwenye ncha ya chaja. Namba zikapanda, zikatulia.

"Chaja nzima kabisa," alisema. Akainamisha pua juu ya kibodi, akanusa. "Mnajua habari ya mwezi huu. Umeme unakatwa kwa zamu, Johannesburg nzima, ukirudi unarudi na hasira. Nimepokea laptopu za kutosha kufungua makaburi. Umeme umepiga ubao wa ndani. Dada, hii imekufa kweli, na siwezi kukuambia ni Ijumaa au Jumanne."

Murielle alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa.

Nkatha alishika ncha ya chaja pale ilipoingia, akaizungusha kwa vidole viwili. Ilizunguka bila kubisha, kama pete kwenye kidole chembamba.

"Hivi ndivyo inavyokaa kawaida?"

"Si imeingia?"

"Imeingia. Nimekuuliza kama imeshika."

Jumbe alimnyang'anya ile ncha. Akaitoa, akaiinua kwenye mwanga, akaangalia tundu lake. Kisha akamulika tochi ndani ya ubavu wa laptopu, jicho moja amelifumba. Alipoinua kichwa, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Aisee," alisema. "Aisee, aisee. Sindano ya ndani ni nyembamba, tundu la chaja ni pana. Inaingia, lakini haigusi. Umeme unaishia mlangoni!" Akamgeukia Murielle. "Mama, hii chaja siyo yake."

"Njo ya kwake," alisema Murielle. "Ilikuwa mu sakoshi, mufuko yake, pamoja na yeyo."

"Nani mwingine alikuwa na laptopu karibu na hii?" aliuliza Nkatha.

Murielle alifikiri. "Mu matanga. Usiku wa kuamkia maziko tulitaka kuonyesha mapicha ya Marcellin ukutani, batu bamuone. Tukafungua hii yake. Kioo kikabakia cheusi. Batu bote bakaona. Bamoja bakasema imemufuata mwenyewe." Alirekebisha kilemba. "Njo Jocelyne, mutoto wa dada ya Marcellin, akatoa ya kwake, tukatumia ile."

"Na chaja zote zilikuwa wapi?"

"Chini, ku ukuta. Za simu, za spika, zote pamoja. Asubuhi kila mutu akaokota."

Nkatha alikuwa tayari ameshika simu. "Nipe namba ya Jocelyne."

Jocelyne aliuza vipodozi kule Diepsloot. Alizaliwa Lubumbashi lakini alikulia hapa, na Kiswahili chake kilikuja kwa kupanda na kushuka, Kiingereza katikati. Nkatha aliweka simu kwenye spika.

"Jocelyne, mimi naitwa Nkatha, niko na mke wa mjomba wako, Murielle. Laptopu yako inaendeleaje?"

"Eish, auntie, usinikumbushe. Imeharibika. Chaja inakataa kuingia."

"Tangu lini?"

"Tangu matanga. Naisukuma, naisukuma, haiingii kabisa. Nilifikiri watoto walicheza nayo."

"Ulisukuma kwa nguvu?"

"Kidogo tu."

"Usisukume tena. Hiyo siyo chaja yako. Yako tunayo hapa."

Upande wa pili kicheko kikalipuka. "Serious? Wiki zote hizi nabeba chaja ya marehemu? Yoh! Auntie Murielle, unasikia?"

"Minasikia," alisema Murielle, na yeye pia alikuwa anacheka, mkono juu ya mdomo.

Jumbe alikuwa ameshavuta kopo la ncha za chaja, za kila ukubwa, analichakura kama mtu anayetafuta jino la dhahabu. Nkatha alikata simu. Kwa hiyo laptopu ilikosa umeme kwa sababu chaja zilibadilishana matangani, na betri ikaishia humo humo ndani ya begi. Polisi walibonyeza kitufe cha kifaa kisicho na ugonjwa, ila njaa ya umeme tu. Hitilafu hiyo ilikuwa na tarehe sasa, na tarehe yake ilikuwa baada ya kifo.

Lakini kioo kilikuwa cheusi usiku ule wa matanga, kabla chaja hazijabadilishana. Hiyo ilikuwa hitilafu ya pili, na Théodore angeweza kuiegemea.

"Shikeni roho zenu," alisema Jumbe. Aliunga ncha nyingine kwenye waya, akaiingiza. Ilishika kwa mlio mdogo. Taa ya chungwa ikawaka ubavuni mwa laptopu. Jumbe alipiga kofi mezani. "Maiti imefumbua jicho! Mama, safari hii siombi radhi."

Akabonyeza kitufe. Feni ikavuma. Murielle aliinuka kutoka kwenye ndoo.

Kioo kilibaki cheusi.

Nkatha aliandika ujumbe kwa Sajenti Mashaba, mpelelezi wa kesi: *Laptopu ya Marcellin ina umeme. Njoo Joubert Park kabla hujaenda mahakamani.* Alipoinua macho, mtu alikuwa amesimama kwenye mlango wa kibanda, suti ya kijivu, kitambaa cheusi cha msiba kimebanwa mkononi kwa pini.

"Nimefika mapema au nimechelewa?" aliuliza Théodore.

Murielle alishusha macho. "Président, asante kwa kufika." Kisha akamwambia Nkatha kwa sauti ndogo, "Yeye njo président wa kamati ya matanga. Nilimwambia asubuhi kama tunaleta huku. Ilikuwa heshima."

Nkatha alijilaumu kwa kutomkataza. Lakini ilikuwa imeshatokea, na mtu aliyekuja mwenyewe ni rahisi kumuuliza kuliko anayefuatwa.

"Karibu, mzee Théodore. Umekuja kuona?"

"Nimekuja kuichukua. Kuna kijana kanisani, anajua hizi mambo vizuri. Kwa nini mjane ahangaike kwa watu asiowajua?"

"Asiowajua!" alisema Jumbe. "Mzee, simu yako hiyo mfukoni nimeibadilisha kioo mimi mwenyewe."

Théodore alimpita. Alisogea, akatazama kioo cheusi, na mabega yake yakashuka. "Si nilisema? Hivi hivi njo ilikuwa. Minaiona leo kama vile niliiona ile Ijumaa."

"Uliiona kwa macho yako?" aliuliza Nkatha. "Au alikusimulia?"

"Kwa macho. Marcellin aliniita, akaniambia, Théo, ona taabu yangu. Ilikuwa wazi juu ya meza. Kioo cheusi."

"Ijumaa."

"Ijumaa. Nilisema polisi, ninarudia hapa."

"Nashukuru," alisema Nkatha. "Wewe ni shahidi anayejua anachosema. Kaa, tumalize, kisha uichukue."

Théodore alikaa kwenye kiti pekee. Jumbe alikuwa amemulika tochi kwenye kioo, pua karibu igusane nacho, akitafuta kivuli cha picha. Hakikuwepo. Akavuta monita ya zamani kutoka chini ya meza, akaiunga kwa waya, akazima laptopu, akaiwasha upya.

Kwenye monita, nembo ya kampuni ikatokea. Murielle alishusha pumzi kwa nguvu. Nembo ikakaa kidogo, duara dogo likazunguka chini yake, kisha monita nayo ikawa nyeusi. Feni ikanyamaza.

"Umeona?" alisema Théodore. "Inakufa."

"Kioo na waya wake, vyote viwili vinabadilishwa," alisema Jumbe, akikuna kidevu. "Na huenda ubao pia. Niifungue?"

"Ngoja." Nkatha alikuwa anaangalia kitu kingine, ile taa ndogo karibu na kitufe. Haikuwa imezimika. Ilikuwa inafifia polepole, inarudi, inafifia tena. "Hii taa inapumua."

"Iko usingizini."

"Rudia."

"Nimesema iko usingizini. Haijafa, imelala tu. Laptopu ikilala taa yake inapumua hivyo."

"Inawaka, inaanza kazi, kisha inalala. Kitu gani kinailaza laptopu?"

"Ukiiacha muda mrefu. Au ukiifunga."

"Hatujaiacha. Na iko wazi mbele yetu."

Jumbe aliinama. Alitazama laptopu, akamtazama Nkatha, na macho yake yakaanza kung'aa. "Iko wazi kwetu sisi," alisema. "Yenyewe inadhani imefungwa. Dada! Kwenye mfuniko kuna sumaku ndogo. Huku chini, karibu na viganja, kuna kipima cha kuisikia ile sumaku. Ukifunga mfuniko, kipima kinaisikia, laptopu inalala. Ukifungua, inaamka. Lakini hicho kipima hakiharibiki ovyo. Labda mtu aweke sumaku nyingine..."

Wote wanne walitazama pale viganja vinapopumzika. Pale palikuwa na kitenge cha buluu.

Nkatha alipitisha kidole juu ya nguo, kutoka kulia kwenda kushoto. Kwenye kona ya kushoto kidole chake kilipanda juu ya kitu chembamba, kigumu, halafu kikashuka. Aliinama, akaangalia mshono wa ukingo. Vazi zima lilikuwa limeshonwa kwa mashine, kila mruko sawa na mwenzake. Kwenye ile kona, kipande kifupi kilikuwa kimefumuliwa na kushonwa upya kwa mkono, kwa uzi mweusi.

"Murielle, njoo uone. Huu ni mkono wa mume wako?"

Murielle aliinama. Aliangalia mshono muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Marcellin hakushonaka na uzi mweusi juu ya buluu, hata mara moja," alisema. "Na hii miruko mirefu hivi... Hii ni mkono wa tantine Célestine. Shangazi yake. Macho yake hayaone vizuri tena, anashona mbali mbali." Alinyoosha kiganja kwa Jumbe. "Nipe kisu kidogo. Nitafumua miye mwenyewe. Batu bengine hapana."

"Maman Murielle," alisema Théodore, akiinuka, "nguo ya marehemu haikatwe ovyo. Tuite familia kwanza."

"Familia njo miye."

Alikata uzi mmoja, akauvuta, akakata wa pili. Nguo ikafunguka kama mfuko. Aliingiza vidole viwili, akatoa beji ya duara ya kuvaliwa msibani, kubwa kama kifuniko cha chupa ya maziwa, yenye bamba la sumaku mgongoni. Mbele yake palikuwa na picha ya Marcellin akitabasamu, suti nyeupe, mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa vimeandikwa chini kwa Kifaransa.

Laptopu ilitoa mlio. Feni ikavuma. Kioo kikawaka, cheupe, angavu, mpaka uso wa Murielle ukawa mweupe nacho.

Jumbe aliruka. Aliruka kweli, na kopo la ncha za chaja likamwagika sakafuni, na kinyozi wa jirani akachungulia na mashine mkononi kuuliza nani amepigwa. "Imefufuka!" Jumbe alimwambia. "Nenda ukanyoe!"

"Aliitia pale ili Marcellin abakie na kazi yake," Murielle alisema, beji kifuani. "Tantine aliomba beji mbili. Moja alivaa. Nyingine nilimuuliza iko wapi, akaniambia, iko mahali pake."

Nkatha alimgeukia Théodore, ambaye alikuwa bado amesimama.

"Président, kilichokizima kioo hiki ni beji hii. Beji zilichapishwa lini?"

Théodore alimtazama Murielle.

"Ni yeye aliziagiza," alisema Murielle taratibu. "Juma lile la matanga. Alituletea mu sanduku."

"Basi hapakuwa na beji Ijumaa," alisema Nkatha. "Marcellin alikuwa hai Ijumaa, hakuna aliyeandika mwaka wake wa kufa. Kioo ulichokiona cheusi, mzee, ulikiona matangani pamoja na watu wengine wote. Ulipokiona, ukakirudisha nyuma mpaka Ijumaa."

"Kinaweza kuzimika mara mbili," alisema Théodore.

"Kinaweza. Tuiulize yenyewe."

Sajenti Mashaba aliingia wakati huo, mtu mrefu mwenye faili kwapani, amekasirika kwa sababu ya msongamano kwenye robot, taa za barabarani za kona. "Sharp, Nkatha," alisema kwa Kiingereza. "Mwendesha mashtaka ananingoja. Nionyeshe kitu, au niache niende."

"Simama hapo hapo mlangoni," alisema Nkatha. Kuanzia hapo alizungumza Kiingereza, ili sajenti, asiyejua Kiswahili, naye aelewe.

Kwanza aliweka simu yake kando ya kioo. Saa ya laptopu na saa ya simu zilikubaliana, siku na tarehe pia. "Saa yake haijapotea," alisema. Sajenti aliangalia zote mbili, akaitikia.

Programu ya kudarizi ilikuwa imejifungua yenyewe, kama zinavyofanya zinapokatizwa. Ujumbe ulisema kazi ilisimama kabla ya kuisha. Katikati ya kioo palikuwa na kola ya joho la kwaya, msalaba na matawi mawili ya mzeituni. Tawi moja lilikuwa limejaa rangi. La pili lilikuwa mchoro mtupu. Chini yake programu ilionyesha kazi ilianza lini na kukatika lini. Jumamosi asubuhi. Jumamosi jioni, jua likiwa limeshazama.

"Jumamosi," alisema sajenti. Aliingia hatua moja ndani. "Bila kusimama?"

"Bila kusimama. Siyo kifaa kilichokufa tangu Ijumaa." Nkatha alimgeukia Murielle. "Mashine hii ikishona, ina kelele?"

"Kelele? Hata simu husikie. Président mwenyewe alikuwa anapiga ukuta kila siku, ati biashara yake inakufa juu ya makelele yetu."

Nkatha alitafsiri, kisha akamwangalia Théodore. "Ulimwambia sajenti kwamba mchana ulisikia maneno yao kupitia ukuta. Neno kwa neno. Mashine ilikuwa inashona mchana wote. Uliyasikiaje?"

"Ni... muda unachanganya." Théodore alifuta paji la uso kwa mkono uliovaa kitambaa cha msiba. "Mimi si saa. Labda haikuwa mchana. Ilikuwa baadaye."

"Baadaye lini?"

"Jioni. Ndiyo. Nilisikia baada ya mashine kunyamaza. Ndiyo maana nilisikia vizuri."

"Una hakika? Mashine ilinyamaza kwanza, ndipo ukasikia ugomvi?"

"Nina hakika. Ilinyamaza, nikasikia."

Jumbe, aliyekuwa ameinama akiokota ncha zake, aliacha kuokota.

"Sajenti," alisema Nkatha bila kuondoa macho kwa Théodore, "kampuni ya Exaucé ilikupa rekodi ya alama za vidole. Jumamosi aliingia geti la Kensington saa ngapi?"

Sajenti hakufungua faili. "Kabla jua halijazama. Tuliiweka kando kwa sababu huyu alisema mchana." Sauti yake ilikuwa imepungua kasi.

"Kwa hiyo jioni Exaucé alikuwa Kensington. Marcellin alikuwa karakanani, hai, anashona tawi la pili. Mashine ikanyamaza, na palikuwa na sauti ya mtu wa pili mle ndani." Nkatha alisogea karibu na kiti. "Mzee Théodore, uliisikia. Ilikuwa sauti ya nani?"

Kwenye duka la simu mtu alikuwa anabishana juu ya laini, na mashine ya kinyozi ilikuwa inanguruma. Théodore alitazama mlango. Sajenti Mashaba alikuwa bado ameujaza.

Théodore alikaa. Alipofungua mdomo, Kiingereza kilikuwa kimemtoka. Alizungumza Kiswahili cha kwao, na alizungumza na Murielle peke yake.

"Nilimwambia azime tu, tuongee. Tuongee kidogo. Akasema angoje amalize tawi. Njo nikang'oa waya. Akanifuata mpaka ku ngazi, tukasukumana."

Murielle aliibana beji kifuani. Alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa ukuta.

"Amesema nini?" aliuliza sajenti.

Nkatha alimtafsiria, neno kwa neno, hakuongeza lolote. Sajenti aliweka faili juu ya meza ya Jumbe, akamwambia Théodore asimame, akamweleza kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba hana lazima ya kusema kitu kingine. Kisha akapiga simu mahabusu ya mahakama kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa begani mwa suti ya kijivu.

"Ndiyo, Mashaba hapa. Yule Mkongomani aliye mahabusu chini, wa Joubert Park. Mwambie mwendesha mashtaka nakuja, hatupingi tena dhamana. Hapana. Hapana, sikiliza, asipandishwe gari. Yuko hapo karibu na wewe? Basi mpe simu."

Alimpa Murielle simu. Murielle aliishika kwa mikono miwili, akaiweka sikioni. Wote walisikia sauti ndogo ya mwanamume upande wa pili ikiuliza nani, nani anaongea, kuna nini.

"Exaucé," alisema Murielle. "Ni miye. Umekula?"

Sauti ilijibu kitu.

"Basi kula. Tunakuja kukuchukua."